Pamba imerudi, mtani wake yuko wapi?

Ukitaka kujua Mwanza inashabikia nini, usiulize watu, maana watakudanganya kwa heshima. Nenda uwanja wa Kirumba mapema siku ya mechi, simama na wauza jezi kando ya barabara ya Makongoro, uhesabu. Mara ya mwisho kufanya hivyo, Pamba Jiji, timu ya jiji letu, ilikuwa inaikaribisha Yanga. Kijana niliyesimama naye alikuwa amefunga kamba kutoka nguzo ya umeme hadi kwenye nondo ya kibanda cha chipsi. Kijani na njano za Yanga zilijaa karibu kamba nzima, nyekundu za Simba zilikuwa chache kwa ajili ya wale wanaokuja kuombea mabaya, na pembeni kabisa, kama mgeni aliyefika harusini bila kadi, jezi tatu za Pamba. Saa tatu asubuhi zilikuwa tatu. Saa nane mchana zilikuwa tatu.

"Hizi hazitoki?" nikamuuliza.

"Zinatoka, mzee. Ila siku nyingine."

"Siku gani?"

Akacheka. "Leo watu wanavaa za kwao."

Za kwao! Timu ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kwa basi, ndiyo ya kwao, na timu ya jiji wanalolala na kuamka ni ya siku nyingine. Sikuwa na ubavu wa kumsuta, kwa sababu mimi mwenyewe ni Simba wa kurithi. Baba alikuwa Simba, nami nilikabidhiwa Simba kabla sijakabidhiwa daftari la darasa la kwanza. Pamba nimeipenda ukubwani, baada ya kufikiri. Mapenzi yanayokuja baada ya kufikiri huwa hayana kelele.

Ndani ya uwanja nilikaa nyuma ya bwana mmoja wa makamo. Jezi ya Yanga mwilini, skafu ya Pamba kaifunga kiunoni kwa ndani, kama mtu anayeficha hela ya safari. Yanga walipofunga alisimama mzima mzima, mikono juu. Baadaye kidogo Pamba wakapata kona. Akanyanyuka nusu, magoti bado yamekunjwa, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akakaa. Nimeona mengi Kirumba, zikiwemo mvua za mawe na mbwa aliyemshinda mbio mshika kibendera, lakini kule kunyanyuka nusu ndiko kulikonirudisha nyumbani nikiwaza.

Wachambuzi wetu wa redioni wana jibu lililo tayari: watu wa Mwanza hawana uzalendo wa mkoa. Viongozi nao wakishika kipaza sauti wanatuhimiza "tuipende timu yetu", kama vile mapenzi ni zoezi la usafi la Jumamosi. Mimi siafiki. Kwa hesabu zangu Mwanza ina mapenzi ya kutosha kuwagawia mikoa mingine mitatu. Kilichopotea ni mtu wa kumtania.

Simba na Yanga wanaitwa watani wa jadi, na jina hilo lina uzito kuliko tunavyolitumia. Kwetu mtani akija msibani anaweza kujilaza ndani ya kaburi lililokwisha chimbwa, akagoma kutoka mpaka apewe chake, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Utani una masharti yake. Lazima muwe mnalingana, maana huwezi kumtania mnyonge ukabaki na heshima zako. Na lazima muonane kesho. Mtu usiyekutana naye tena unamtukana tu, humtanii.

Sasa angalia Simba na Yanga wanavyoishi Mwanza. Wako kwenye kila nyumba ya kupanga pale Igoma, kila kijiwe cha bodaboda Buzuruga, kila meza ya kushonea Makoroboi. Fundi ni Simba, mteja ni Yanga. Dereva wa daladala ni Yanga, kondakta ni Simba, na kuanzia Buhongwa mpaka mjini abiria wote wanajua nani alifungwa jana. Yule bwana wa Mabatini anayejiita Mwananchi hajawahi kufika Jangwani, makao ya Yanga kule Dar, na pengine hatafika. Yeye ana jirani, ng'ambo ya ukuta wa tofali, ambaye ni Mnyama, na jirani huyo siku Yanga ikifungwa humwamsha saa kumi na moja alfajiri kwa vuvuzela. Ugomvi huo ni wa Mabatini. Dar es Salaam inatuletea matokeo tu.

Hilo ndilo wanaolaumu "uzalendo" hawalioni. Wanadhani Mwanza imehamishia moyo wake Kariakoo, wakati ukichungulia vizuri, upinzani wa Simba na Yanga hapa ni upinzani wa mtaa kwa mtaa, wenye nguvu kuliko wowote mwingine tulio nao. Pamba haiwezi kuushinda kwa sababu Pamba haimgawi mtu na jirani yake. Uliza Kirumba, uliza Nyegezi, wote watakuambia wanaitakia mema. Timu inayoombewa mema na kila mtu ina shida kubwa. Inapofungwa wote wanasikitika kidogo, inaposhinda wote wanafurahi kidogo, kisha kila mmoja anarudi kwenye ugomvi wake.

Haikuwa hivi tangu mwanzo, ingawa wa Dar walitutembelea mapema. Agosti 10, 1974, Simba na Yanga walikutana uwanja wa Nyamagana, katikati ya jiji hili, na wazee wanaisimulia mechi hiyo mpaka leo kana kwamba ilichezwa sebuleni kwao. Simba walitangulia kwa bao la Adam Sabu, Gibson Sembuli akasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache, na Sunday Manara akamaliza kazi kwenye muda wa nyongeza. Yanga 2, Simba 1. Redio ilikuwa imekwisha kuzifikisha timu hizo mbili mpaka visiwani Ukerewe. Nyamagana ikazifikisha machoni. Oktoba 2010 wakaja tena, safari hii Kirumba, na aliyewapa Yanga ushindi wa 1-0 alikuwa Jerry Tegete, mtoto wa kocha John Tegete ambaye watu wa Toto African, timu nyingine ya Mwanza, wanamjua vizuri sana. Mei 2022 wakarudi kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, Feisal Salum akapiga lile shuti la mbali. Mimi shuti hilo sitaki kulizungumza.

Lakini pamoja na wageni hao tulikuwa na la kwetu. Tulikuwa na Pamba, TP Lindanda, Wana Kawekamo. Tulikuwa na Toto African, Wana Kishamapanda. Nyumba zilikuwa zinagawanyika. Mjomba wangu mmoja, Toto wa kufa, alikuwa hali chakula kwa dada yake juma zima ikiwa Pamba imeshinda, na dada mtu akipika dagaa wa nazi makusudi ili harufu imfuate mpaka kwake. Hao wote wawili walikuwa Yanga! Yanga iliwaunganisha, Toto na Pamba zikawatenganisha, na kila mtu akawa na raha yake.

Mwaka 1990 Pamba ilitwaa ubingwa wa Tanzania. Hilo vijana wa leo ukiwaambia wanadhani unawaletea hadithi za sungura. Ilikuwa na akina George Masatu, Hussein Marsha, Fumo Felician, Nico Bambaga, Khalfan Ngassa, majina ambayo mwenyeji wa Mwanza wa rika langu anayataja bila kuvuta pumzi. Masatu na Marsha tukaja kuwaona Msimbazi, kwa Simba, na hapo mimi nilifurahi kama Simba na kununa kama mtu wa Mwanza. Alama ya jinsi mambo yatakavyokwenda ilikuwa wazi, ila tulikuwa tunashangilia.

Nadhani jina lenyewe la Pamba linaeleza nusu ya anguko. Yasome majina ya timu za ukanda huu: Pamba, Mbao, Geita Gold, Kagera Sugar, Biashara United ya Musoma. Utadhani umeshika daftari la mtoza ushuru. Mikoa mingine timu zinaitwa kwa pwani, kwa maji maji, kwa mnyama. Sisi tunaziita kwa kile tunachouza. Kuna uzuri wake, maana timu inasimama juu ya mgongo wa shughuli halisi ya watu. Ubaya wake ni kwamba shughuli ikiyumba, timu inaanguka nayo. Biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, vyama vya ushirika vilivyokuwa vikubwa vikapwaya, na timu yenye jina la zao ikabaki na jina. Migogoro ya ndani, ambayo klabu gani ya Tanzania haina, haikusaidia. Ikashuka, ikakaa nje ya Ligi Kuu miaka 23.

Toto nayo ilikuwa na ugonjwa wa aina yake. Tangu zamani ilijulikana kama mtoto wa Yanga, na hilo halikuwa siri, jina linajitangaza. Kulea ni jambo jema, na Yanga walilea. Ila mtoto anayelelewa na mtu mkubwa hawezi kuwa na ugomvi wake mwenyewe. Kila Toto ilipokutana na Yanga, maneno kijiweni hayakukosa, haki au si haki. Mshabiki wa Toto alijikuta anaulizwa swali moja ambalo shabiki hapaswi kuulizwa: leo unataka nani ashinde? Ilirudi Ligi Kuu 2015, ikashuka 2017, na tangu hapo haijapanda.

Halafu ikaja Mbao, na hapa naomba nikae kidogo, maana Mbao ilituonyesha tulivyo.

Ilipanda 2016, haijulikani na mtu nje ya mkoa. Aprili 30, 2017, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, Kirumba, Mbao 1 Yanga 0, bao la kujifunga la beki wa Yanga. Mei 20, siku ya mwisho ya ligi, Kirumba tena, Mbao 1 Yanga 0. Timu ya wafanyabiashara wa mbao ikamfunga bingwa wa nchi mara mbili ndani ya wiki tatu! Uwanja ulilia. Watu walikumbatiana, mtu asiyenifahamu alinibeba mgongoni. Nikasema Mwanza imepata timu.

Juma lililofuata ilikuwa fainali Dodoma, uwanja wa Jamhuri, Mbao na Simba. Nikaenda kuangalia kwenye kibanda umiza kimoja pale Kitangiri, nikiwa nimejiandaa kwa lolote. Nusu ya waliokuwa wakishangilia Mbao mwezi mzima walikuwa wamekaa upande wa Simba, jezi nyekundu, wanamwita kipa wa Mbao majina. Na waliokuwa wakiilaani Mbao siku chache nyuma, Yanga hao, sasa walikuwa Mbao kuliko wenye mbao zao. Simba wakashinda 2-1 baada ya dakika 120. Ndipo nikaelewa kwamba kilichobebwa Kirumba haikuwa Mbao. Mbao ilikuwa fimbo. Leo Simba wameishika kumpigia Yanga, kesho Yanga wameishika kumpigia Simba, na fimbo baada ya kazi inaachwa nyuma ya mlango. (Mimi siku ile ya Dodoma nilikaa kimya. Bao la pili la Simba nilinyanyuka nusu.)

Msimu wa 2018/19 tukapata timu mbili kwa mpigo Ligi Kuu, Mbao na Alliance, timu ya shule. Nilikwenda kuitazama dabi yao. Palikuwa na nafasi ya kulala. Shule na wauza mbao hawana deni la kudaiana. Hakuna aliyepewa Alliance na baba yake, hakuna aliyenyimwa mchumba kwa sababu ya Mbao. Zote mbili zikashuka 2020 na mji ukaendelea na shughuli zake kama vile umepoteza kitambaa cha mkononi. Kwa hiyo akija mtu kunieleza kwamba dawa ni kujaza timu za mkoa kwenye ligi, namkumbusha miaka hiyo miwili.

Fedha nazo zinatusukuma upande uleule. Mapato ya mlangoni, makato yakishatolewa, ni ya mwenyeji, na mwenyeji wa huku anajua mechi zake za kula ni mbili tu kwa mwaka: Simba anapokuja na Yanga anapokuja. Geita Gold walipokuwa Ligi Kuu walikuwa wanawahamishia vigogo hao Kirumba, wanaacha mji wao ili wapate uwanja mkubwa. Siwalaumu, mishahara haisubiri. Ila fikiria maana yake kwa mtoto wa Geita anayeambiwa timu yako leo ni mwenyeji, panda basi ukavuke Busisi. Siku hizi kuna daraja, zamani ilikuwa kivuko na foleni yake. Na akifika uwanjani anakuta "wenyeji" ni watu wa kona moja.

Ng'ambo ya ziwa wenzetu wana jina zuri kuliko letu. Gor Mahia na AFC Leopards wakikutana wanaiita dabi ya mashemeji, kwa kuwa Wajaluo na Waluhya wameoleana vya kutosha. Klabu zote mbili zina mizizi yake huku Magharibi mwa Kenya, ingawa makao yao ni Nairobi na dabi hiyo mara nyingi huchezewa huko. Wao wamepeleka utani wa nyumbani mji mkuu, sisi tumeleta utani wa mji mkuu nyumbani. Sitamani kila kilicho chao. Timu kuambatana na kabila ina gharama zake, na wao wanazijua. Lakini shemeji huwezi kumhama, na hapo ndipo ninapowaonea wivu.

Turudi Pamba. Ilipanda 2024, ikiwa na jina jipya, Pamba Jiji, chini ya halmashauri ya jiji, ikanusurika msimu wa kwanza. Nashukuru. Bila mkono wa jiji huenda tungeendelea kuisimulia tu. Lakini hilo neno "Jiji" lina mtego. Timu ya jiji ni ya wote, na ukishaifanya ya wote umemnyang'anya mtu wa Kishamapanda haki yake ya kuichukia. Kuikataa kunakuwa kama kukataa kulipa ushuru wa taka. Kwenda uwanjani kunakuwa wajibu, na watu wa Mwanza wajibu tunao mwingi tayari.

Kwa hiyo pendekezo langu litawaudhi Wana Kawekamo wenzangu: isaidieni Toto. Ningekuwa na sauti kwenye vikao vya watu wenye fedha pale mjini, wale wa mabondo ya sangara na mabasi, ningewaambia wasiipe Pamba shilingi nyingine moja mpaka wamepeleka ya pili Kishamapanda. Wairudishe Toto, waikate kitovu na Yanga, ipate viongozi wanaoamka asubuhi wakiwaza jinsi ya kuiaibisha Pamba na si kitu kingine chochote. Nyamagana ipo, ina nyasi bandia, iko hatua chache kutoka sokoni. Mechi moja kwa mwaka ya timu hizo mbili, hata ya kirafiki, ichezwe pale Jumapili jioni, na atakayefungwa abebe ndoo ya maji kwa mshindi, au adhabu yoyote watakayoona inauma. Tofauti na Mbao na Alliance, hizi mbili zina madeni. Kuna wazee bado hai wanaodaiana tangu enzi za Masatu. Kuna watoto wanaojua kuwa babu alikuwa Toto, ila hawajui wafanye nini na habari hiyo.

Itachukua muda, na inawezekana tumekwisha chelewa. Msimu wa 2017/18 Pamba na Toto zilikuwa kundi moja Daraja la Kwanza, zikakutana, na aliyepanda kutoka hapo Mwanza alikuwa Alliance. Kijana wa miaka ishirini leo ana Arsenal au Manchester United ya kubishania, ana simu mkononi na mkeka wa kubeti mfukoni. Kumwambia arudi Kishamapanda ni kama kumwambia arudi kwenye taa ya chemli. Hata hivyo, kijana huyohuyo nimemwona akilia kwa sababu ya jirani mwenye vuvuzela.

Jumatatu moja, Pamba ilikuwa imeshinda mwishoni mwa juma, nilishuka Mwaloni kununua dagaa. Kuna mzee pale, mpima mizani, Pamba tangu Pamba ilipokuwa Pamba. Alikuwa amevaa kofia ya timu na usoni ana ule mng'aro wa mtu aliyelala na neno mdomoni. Wapagazi upande wa kulia walikuwa wakibishana kuhusu Simba na Yanga, ambazo juma hilo hata hazikucheza. Mzee akawasikiliza kidogo, akaniacha na gunia langu kwenye mizani, akatoa simu ya kitochi mfuko wa shati na kupiga, akaanza na salamu ya Kisukuma.

"Mwangaluka! Wewe maiti wa Kishamapanda, umeamka?"

Simu ilikuwa na sauti kubwa, tukasikia wote. Upande wa pili mtu alikohoa, akanyamaza, kisha akajibu taratibu:

"Nicheke, ndugu yangu. Nicheke tu. Tangu mwaka juzi hujanipigia."